Midomo Ishirini na Minne

Nitegulieni hiki, na msikimbilie kujibu. Kuna mtu mrefu, amesimama wima kutwa kucha, mguu wake mmoja umo ndani ya ndoo. Ana midomo ishirini na minne. Anakunywa asubuhi, anakunywa jioni, na kila mdomo umetoa ulimi wa kijani. Lakini hata neno moja hasemi. Ni nani huyo?

Mkishindwa msinipe mji. Miji nimepewa mingi na sijajenga hata mmoja. Kaeni tu niwaambie, maana kitendawili hiki kiliwahi kusimama uani kwa watu, na nusura kiwafukuzishe nyumba.

Walikuwa watu wanne kwenye vyumba viwili vya kupanga. Baba wa nyumba alikuwa fundi bomba. Walimwita Spana, kwanza kwa urefu wake na wembamba wake, na pili kwa jinsi alivyojua kubana: akishika neno, halitoki. Mkewe alishona nguo pale pale mlangoni, akajulikana kwa jina la Mama Kijiko, kwa kuwa binti yao wa miaka saba hakula mpaka abembelezwe kijiko baada ya kijiko. Wa nne ni Bibi, mama mzazi wa Spana, mwenye masikio mazito na ulimi mwepesi. Vyumba vya mbele alikaa mwenye nyumba, mjane mnene ambaye funguo zake zilisikika kabla yeye hajaonekana. Wapangaji walimwita Mama Funguo, ila si mbele yake.

Mambo yalianzia kliniki. Nesi alimvuta Kijiko kope la chini, akatazama, akatikisa kichwa.

"Damu ya huyu mtoto ni kidogo, mama. Vidonge hivi mpe. Na mboga za majani, kila siku, si siku ukikumbuka. Miezi mitatu ikifika mrudishe nimpime tena. Damu isipopanda, nitamwandikia hospitali kubwa, na huko ni kulazwa."

Mama Kijiko akasema sawa, kwa sababu mbele ya nesi mtu husema sawa. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa imesusa, na fungu la mchicha sokoni lilikuwa limekonda mpaka unaliokota kwa vidole viwili. Jioni alimweleza mumewe yote, kope, vidonge, hospitali kubwa. Spana alitafuna, akameza, akanawa, akainuka.

"Nakwambia habari ya damu ya mtoto, wewe unaondoka?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia," alisema tena, akatoka nje.

*

Siku ya tatu alirudi na bomba begani, lile nene la kijivu la kupitishia maji machafu, jipya, kipande kilichobaki kazini na msimamizi akamwambia akichukue. Hakumwambia mtu la kufanya nalo. Alilipima kwa futi ya mkewe, akalichora kwa chaki ya mkewe, kisha akaanza kulikata mikato mifupi kwa msumeno, mistari sita, kila mstari mikato minne. Alipomaliza aliwasha jiko la mkaa, akaweka mkato wa kwanza juu ya joto mpaka plastiki ikalegea, akachomeka shingo ya chupa tupu na kuisukuma. Mkato ukafunuka kama mdomo wa mtu anayeshangaa.

Harufu ilifika vyumba vya mbele. Funguo zikalia, chele chele chele.

"Fundi, unanichomea nyumba?"

"Hapana, mama."

"Unapika nini?"

"Mboga."

"Mboga gani inanuka hivi?"

"Bado haijaota, mama."

Mama Funguo alimtazama Mama Kijiko, kama mtu anayeuliza, huyu mume wako ni mzima? Mama Kijiko akajifanya anatunga uzi kwenye sindano. Aibu ilimshika mpaka uzi ukakataa tundu.

Jioni ile alipokaa kushona alihisi ubao. Mto wa kiti chake cha cherehani ulikuwa umelala kama puto lililotoboka. Alipoufungua, sponji haimo.

"Bibi, nani kaiba matako ya kiti changu?"

Bibi hakusikia vizuri. "Nani kaiba matako?" aliuliza kwa sauti, na ua mzima ukasikia.

Sponji ilikuwa kwa Spana, imekatwa vipande vidogo vya mraba, na ndani ya kila kipande ameficha mbegu tatu za mchicha kama mtu anayeficha pete. Mama Kijiko alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Hukuweza kuniomba?"

"Ungeuliza ya nini."

"Si ndiyo! Mtu akiombwa kitu huuliza ya nini! Sasa ni ya nini?"

Spana alimwonyesha bomba kwa kidevu. Hilo ndilo lilikuwa jibu lote.

Miche ilipotoa majani mawili mawili, aliipachika midomoni, sponji na yote. Bomba likasimamishwa ukutani, limefungwa kwa waya, mguu umo ndani ya ndoo. Asubuhi kabla ya kazi, na jioni akirudi, alichota maji ya ndoo kwa jagi na kuyamimina juu. Yakashuka ndani kwa ndani, yakilowesha mzizi huu na ule, mpaka yakarudi ndooni. Maji yale yale, leo na kesho. Udongo hapana, hata wa kujaza kijiko. Majirani walikuja kuchungulia, wakacheka, wakauliza kama hilo bomba litazaa na samaki. Spana akamimina maji.

Lakini mche hauishi kwa maji matupu, na hapo ndipo shaka ilipoanza kuota pamoja na mboga. Kila asubuhi, kabla ya kumimina, Spana aliingiza kitu kwenye ndoo. Alikipima kwa kifuniko cha soda, akiwa amegeuza mgongo.

*

Mchicha ulishika. Wiki ya tano majani yalikuwa mapana kama kiganja cha mtoto. Mama Kijiko akaenda na sufuria.

"Bado," Spana alisema.

"Bado nini? Haya yatakuwa miti."

"Subiri kidogo."

Alisubiri. Ila alikuwa na jicho la mshonaji, jicho linaloona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, na siku ya pili likamwonyesha jambo. Mstari wa chini kabisa, ile midomo minne iliyo karibu na ndoo, ulikuwa umepungua majani. Yamekatwa kwa kucha, vizuri, si kuku wala panya. Kesho yake yakapungua mengine. Keshokutwa vilevile.

Akamuuliza Bibi kama amechuma. Bibi akaapa kwa marehemu mumewe. Akamuuliza Kijiko, na Kijiko akacheka, maana yeye hata mboga iliyopikwa alikuwa haipendi.

Sasa wewe fikiri. Mwanamume anakata mboga alfajiri, anamnyima mwanawe mwenye damu kidogo, anamwambia mkewe bado. Zinaenda wapi? Moyo wa Mama Kijiko haukuhitaji mtu wa kuujibu. Ulimwonyesha jiko la mwanamke mwingine, limeng'aa, na sufuria ndogo ya watu wawili.

Asubuhi moja alimfuata pekupeku. Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Alimkuta amekaa kwenye jiwe la kufulia mbele ya bomba lake, mikono magotini, hakuna mfuko, hakuna mwanamke, ametulia kama anayesubiri jina lake liitwe. Alipomwona mkewe alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Umekaa tu?"

"Kwani kukaa ni kosa?"

Mama Kijiko alirudi ndani, na shaka sasa ilikuwa imenenepa.

Wiki tatu zikapita hivyo. Kisha siku moja, bila kumwelezea mtu, Spana alichuma mwenyewe sahani nzima, akaiweka mbele ya mkewe. "Haya. Mpikie mtoto."

Siku hiyo ilikuwa kama sikukuu. Kijiko alikula, kwanza kwa kubembelezwa, halafu akaomba tena. Bibi alikula mpaka akalamba mwiko. Hata Mama Funguo, ambaye tangu mwanzo alinung'unika kuhusu maji yake, alitengewa fungu lake kila Ijumaa ili anyamaze, na kweli akanyamaza. Mtu mmoja tu hakula. Spana alisukuma bakuli la mboga likaenda upande wa Bibi, akala maharage yake na mkate.

"Mbona wewe huli?" Mama Kijiko aliuliza.

"Kuleni."

"Sikuuliza sisi. Nimeuliza wewe. Mbona huli?"

Alimega mkate. Kesho hali. Keshokutwa hali. Kila alipoulizwa aliinamia sahani, na mara moja mkewe aliona amefumba macho bakuli lilipopita mbele yake, kama mtu anayepitishiwa maiti.

*

Jumamosi moja mteja alikuja kudai sketi, na zipu haikuonekana. Mama Kijiko alipangua kila kitu nyuma ya cherehani. Chini ya gunia, ukutani kabisa, mkono wake ukagusa dumu. Akalivuta. Ndani kulikuwa na maji ya rangi ya kijani hafifu, yenye harufu ya chumvi na chuma. Na ubavuni, kwa chaki yake mwenyewe ya kushonea, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, paliandikwa: DAWA. MTU ASIGUSE.

Mteja aliambiwa arudi Jumatatu. Mama Kijiko alikaa chini, dumu mapajani.

Mnajua wenyewe neno hilo lilivyo na vyumba vingi. Dawa ni ya kikohozi. Dawa ni ya panya. Dawa ni ya mganga, inayofungwa kwenye kitambaa cheusi. Kila mtu hufungua chumba kile anachokiogopa. Mama Kijiko alifungua cha panya. Kila asubuhi, kwa kifuniko cha soda, mwanangu! Na mwenyewe hali!

Akaenda kwa Bibi, akamwonyesha. Bibi alisoma kwa kidole, herufi moja moja, kisha machozi yakamlenga.

"Nilijua. Mwanangu ni mgonjwa. Anakunywa dawa kwa siri."

"Bibi, hanywi. Anatia kwenye mboga."

"Ati nini?"

"ANATIA KWENYE MBOGA!"

Ukuta ule ulikuwa wa mbao, na mazungumzo na Bibi yalihitaji sauti ya mnadani. Funguo zikalia ng'ambo. Mama Funguo aliingia bila hodi, akalitazama dumu, naye akafungua chumba chake mwenyewe.

"Dawa? Uani kwangu? Nimesikia habari za wapangaji wa namna hii. Wanalisha mwenye nyumba dawa, baada ya mwaka yeye ndiye anawaomba wao chumba." Akajishika tumbo. "Na mimi nimekula mafungu matatu! Ndiyo maana mwezi uliopita nilisahau kupandisha kodi!"

Jioni ile Kijiko aliletewa viazi vitupu. Aliuliza mboga iko wapi, na mama yake akasema imeisha, huku bomba likionekana kabisa kupitia mlangoni, midomo yote imetoa ndimi. Mtoto alimtazama mama yake kwa namna ambayo Mama Kijiko hakuipenda. Kliniki ilikuwa imebaki wiki moja. Akijua ni sumu, lazima amnyime. Na kama si sumu, anamnyima damu yake. Na mwenye kujua amebana mdomo.

*

Mama Funguo hakutaka mambo ya kunong'ona. Jumapili mchana alitoka na kigoda chake, akakaa katikati ya ua, dumu likiwa miguuni pake kama kielelezo mahakamani. Wapangaji wawili watatu wakakumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanika.

"Fundi, hii ni dawa ya nini?"

"Ya mboga, mama."

"Mboga zinaumwa?"

Watu wakacheka. Spana alikuna shingo. "Ni chakula chao. Ya kukuzia. Pale duka la mbegu wao wanaita dawa. Kila kitu wanaita dawa. Na mimi nikaandika nilivyoambiwa, mtoto asije akanywa."

Kwa Spana ile ilikuwa hotuba. Mkewe alishangaa kumsikia ameifikisha mwisho. Lakini Mama Funguo hakuwa mtu wa kuridhika na hotuba.

"Vizuri. Basi ni rahisi." Aliinuka, akachuma jani moja mdomo wa katikati, pana, bichi, akalinyoosha. "Nasikia wewe mwenyewe mboga hizi huzili. Mkeo kasema, mama yako kasema. Kula hili hapa, mbele ya macho yangu. Ukila, yameisha. Usipokula, kesho asubuhi bomba hili liondoke, na ninyi mlifuate. Vyumba vyangu vina watu wanaovisubiri."

Spana alilitazama lile jani. Koo lake likapanda, likashuka. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Alinyoosha mkono nusu, kisha akaurudisha na kugeuza uso ukutani.

"Siwezi, mama."

"Mmeona?" Mama Funguo aliwageukia watu. "Mmeona wenyewe?"

Mama Kijiko aliona. Alikuwa mlangoni. Miaka tisa ameishi na mwanamume huyu, amemwona akipanda juu ya matangi marefu bila kushika kitu, na leo anaogopa jani. Kwa nini? Akamkumbuka nesi, akakumbuka kifuniko cha soda, akakumbuka lile jiko linalong'aa la mwanamke asiyemjua. Kila alilokumbuka lilisimama upande wa Mama Funguo.

Ndipo sauti ndogo ikasikika.

"Mimi nitakula. Baba kachoka."

Kijiko alikuwa amepenya kati ya sketi za watu. Alishafika kwa Mama Funguo, na vidole vyake vimelishika jani. Mtoto wa kubembelezwa kijiko kwa kijiko, leo analeta mdomo mwenyewe.

Mama Kijiko hakumbuki alivukaje ua. Alilipokonya lile jani, na kabla hajajiuliza alikuwa ameshalitia kinywani. Alilitafuna bichi, bila chumvi, macho yake yamemkazia mumewe. Hakujua kama anamtetea au anamshtaki. Jani lilikuwa gumu kidogo na lenye uchungu kwa mbali. Akameza. Akachuma lingine, mstari wa juu. Akala. Akachuma la tatu, mstari wa chini.

"Basi, basi," Mama Funguo alisema, "umwachie na mwingine."

"Bado," Mama Kijiko alijibu, na hata yeye alishtuka kulisikia neno la mumewe likitoka kinywani mwake.

Mama Funguo alikaa tena kigodani. "Tutasubiri."

Wakasubiri. Birika la jirani lilichemka, likaondolewa, chai ikanywewa. Watu walimtazama Mama Kijiko kama wanavyotazama mlango wa chumba cha upasuaji. Bibi alimshika mkono, akiuliza kila mara kama anaona kizunguzungu. Kilichotokea ni kwamba alicheua mara moja, na watu wawili wakaruka nyuma. Basi. Hakuna lingine.

Jua lilipohama ukutani Mama Funguo aliinuka, akajipangusa sketi, akaona hana la kusema lenye uzito wa funguo zake.

"Haya. Bomba libaki. Lakini neno hilo lifutwe. Andikeni mbolea, andikeni uji, andikeni mnachotaka, si hilo." Alikwenda hatua tatu, akasita. "Na fungu langu la Ijumaa? Si litakuwepo?"

*

Ua ulipobaki mtupu, Mama Kijiko alichukua kitambaa chenye maji, akafuta dumu. Chaki ikatoka vumbi jeupe. Mkononi bado alikuwa na kipande cha chaki, na hakujua aandike nini. Spana alikaa kwenye jiwe la kufulia, pale pale alipomkuta ile alfajiri, magoti juu, kichwa chini. Ndani, Bibi alikuwa akimlisha Kijiko mboga, na Kijiko alikuwa akidai ashike kijiko mwenyewe.

Mkewe alisogea, akachuchumaa mbele yake. Hakupaza sauti.

"Watu wameondoka. Nimekula dawa yako mbele ya ulimwengu mzima, na sijui kama ni kwa kukuamini au kwa hasira. Sasa nitakuuliza mara ya mwisho, na ukinijibu kuleni, naondoka na mwanangu. Mbona wewe huli?"

Spana alifungua mdomo.

"Nilishakula."

"Lini?"

"Kabla yenu. Ile midomo minne ya chini." Alionyesha kwa kidevu, kisha akaona kidevu hakitoshi, akanyoosha mkono. "Muuza duka aliniambia haina neno. Muuza duka huwa anasemaje? Na bomba lenyewe la maji machafu, halafu nimelichoma moto. Sikujua mimi. Ningekwambia nini, kwamba naogopa kumuua mtoto kwa kumponya? Nikasema nianze mimi. Kila alfajiri, mbichi, bila chumvi, nakaa hapa najisikiliza. Siku ishirini na moja. Kama ni kuanguka, nianguke kabla Kijiko hajaamka."

Mama Kijiko alitazama mstari wa chini. Majani mapya yalikuwa yameshaanza kuchomoza pale yalipokatwa kwa kucha.

"Sasa leo," alisema polepole, "jani moja tu, baba Kijiko. Jani moja lingetuokoa. Kwa nini ulikataa?"

Spana alipangusa uso kwa viganja vyote viwili, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu kitu kama kicheko kikamtoka puani.

"Nimezikinai, mke wangu. Nikiziona tu tumbo linapanda kooni. Ningetia jani lile mdomoni ningetapika pale pale, miguuni kwa Mama Funguo. Na hapo nani angeniamini?"